Sikukuu ilivyomgeuza mgeni kuwa mwenyeji wa Nairobi

KILA Desemba inapofika katikati, swali moja hutawala mazungumzo jijini Nairobi: “Unaenda lini nyumbani?” Kinyozi hukuuliza akikunyoa, mama mboga hukuuliza akikukatia sukuma wiki, bosi hukuuliza akitia sahihi fomu yako ya likizo. Hakuna mwenye nia mbaya. Hata hivyo, swali hilo limebeba dai zito: kwamba mtu aliyeishi Nairobi miaka 20, akalipa kodi ya nyumba kila mwezi na kusomesha watoto papa hapa, bado hajafika nyumbani. Anayejibu, “Mimi niko tu hapa,” huonewa huruma utadhani amefiwa.

Katika makala haya ninanuia kuonyesha kwamba kula sikukuu jijini pamoja na marafiki si balaa la waliokosa nauli. Ni mila yenye umri unaokaribia ule wa Nairobi yenyewe. Nitadai pia kwamba mila hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyowafanya wageni wengi kuwa wenyeji wa jiji hili, wakati ambapo sheria ilisisitiza kuwa wao ni wapita njia tu.

Tuanze na lugha, maana ndiyo kazi ya safu hii. Neno ‘sikukuu’ limeundwa kwa nomino ‘siku’ na kivumishi ‘-kuu’. Tunaandika ‘mji mkuu’ na ‘barabara kuu’ kwa kutenganisha maneno, lakini ‘sikukuu’ tumeliunganisha kwa kuwa limekwisha kuwa jina la kitu kimoja. Linalonivutia zaidi ni kitenzi kinachoandamana nalo. Mswahili haishii kusherehekea sikukuu, huila. Utasikia mtu akiuliza, “Idi mlikula wapi?” au “Krismasi mwaka huu tunakula kwa nani?” Hilo ‘kwa nani’ si pambo. Sikukuu huliwa kwa mtu, au na mtu. Anayejifungia chumbani akala peke yake ameshiba, basi. Hatuwezi kusema amekula sikukuu.

Neno la pili ni ‘mwenyeji’. Ukilifumua utakuta ndani yake ‘mwenye’ na ‘mji’: mwenyeji ni mwenye mji. Katika matumizi ya kila siku, neno hili lina maana mbili. Kwanza ni mkaazi wa mahali, anayepajua na kujulikana hapo. Pili ni yule anayempokea mgeni, akamkaribisha na kumwandalia. Kiswahili hakikuona haja ya kuzitengea maana hizi maneno mawili. Kwa mantiki ya lugha yetu, basi, kumpokea mtu ni sehemu ya kuwa wa mahali. Kinyume chake, mgeni hujulikana upesi, ndiyo maana wahenga wakasema kwamba mgeni ni kuku mweupe. Kuku mweupe huonekana kwa mbali, na mwewe humwona kwanza.

Nairobi ilikuwa na kuku weupe wengi tangu mwanzo. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1899. Ardhi haikuwa tupu: Wamaasai walikuwa wakilisha mifugo na ndio waliopaita mahali pa maji baridi, na Wakikuyu walikuwa na mashamba karibu. Lakini mji wenyewe, yaani stesheni, karakana na soko, ulijazwa na watu waliotoka mbali. Waingereza walikuwa wamewaleta vibarua takriban 32,000 kutoka India kujenga reli hiyo. Wengi walirudi kwao kazi ilipokwisha. Maelfu kadhaa wakabaki Afrika Mashariki, wakaungana na wafanyabiashara wenzao.

Waafrika waliofuata reli nao walijenga vijiji vyao pembeni mwa mji. Kulikuwa na Pangani, Maskini, Kaburini na kingine kilichoitwa Mombasa. Majina hayo pekee yanasimulia. Pangani na Mombasa ni majina ya miji ya pwani yaliyopanda hadi bara. Maskini na Kaburini hayahitaji mfasiri. Humo waliishi Waswahili wa pwani, Wanyamwezi na Wamanyema ambao jamaa zao walikuwa wamezoea safari za misafara, na baadaye Wakikuyu, Wakamba na wengineo waliokuja kutafuta kazi. Upande wa kusini-magharibi, askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Mwingereza walipewa eneo lenye msitu, na katika lugha yao ya Kinubi wakaliita kibra, yaani msitu. Sisi leo tunasema Kibera.

Kwa wakaazi wengi wa vijiji hivyo, sikukuu ilikuwa Idi. Si ajabu. Kiswahili kilikuwa lugha ya kukutania, na Uislamu ulikuwa dini iliyompokea mtu bila kumwuliza ukoo. Kalenda ya Kiswahili yenyewe inaonyesha uzito wa siku hiyo: mwezi unaofuata Ramadhani huitwa Mfunguo Mosi, unaofuata Mfunguo Pili, na kuendelea hivyo hadi Mfunguo Tisa. Miezi tisa inahesabiwa kuanzia siku watu walipofungua na kula pamoja!

Hapa kuna jambo ambalo historia za mji wetu hulipitia haraka. Janet Bujra, katika makala aliyochapisha mwaka 1975, na Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990, wameonyesha kwamba baadhi ya wenye nyumba katika Nairobi ya zamani walikuwa wanawake. Walijitafutia pesa mjini kwa njia mbalimbali, zikiwemo zile ambazo jamaa zao mashambani wasingezisifu, kisha wakajenga na kupangisha vyumba. Wengi wao walisilimu. Baadhi hawakuwa na mahali pa kurudi, ama kwa sababu walifukuzwa au kwa sababu walikimbia. Dini mpya iliwapa jamaa wapya: watu wa kula nao Idi wakiwa hai, na watu wa kuwaosha na kuwazika wakifa. Kwa mwanamke kama huyo, sahani ya pilau iliyovuka ua kwenda kwa jirani haikuwa adabu tu. Ilikuwa bima yake. Jirani aliyekula naye Mfunguo Mosi ndiye ambaye angebeba jeneza lake.

Mfano mwingine ni ngoma ya beni. Neno hili limetokana na neno la Kiingereza la bendi, na mwanahistoria Terence Ranger aliliandikia kitabu kizima mwaka 1975. Beni ilianzia pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, vijana walipoanza kuiga gwaride na tarumbeta za wanajeshi wa Kizungu. Mombasa kulikuwa na vikundi kama Kingi, Settla na Scotchi. Upande wa Tanganyika walitamba Marini na Arinoti. Wanachama walijipa vyeo: kulikuwa na mfalme, majenerali, hata madaktari. Siku ya sikukuu walivaa wakavalika, wakaandamana mitaani, wakashindana kwa ngoma, kwa mafumbo na kwa karamu. Kundi lililopika zaidi na kulisha wengi lilikuwa limepiga bao.

Maafisa wa kikoloni walitazama mambo hayo kwa wasiwasi, wakishuku kwamba nyuma ya tarumbeta mna siasa. Wengine waliona kichekesho tu: Mwafrika anajifanya jenerali! Lakini Ranger anatuonyesha upande wa pili. Vikundi vya beni vilikuwa pia vyama vya kusaidiana. Mwanachama akiugua, wenzake walimtazama. Akifa, walimzika. Akisafiri hadi mji asioujua, alitafuta watu wa kundi lake akapata pa kulala. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, askari na wapagazi waliibeba ngoma hiyo hadi miji na kambi za bara. Wapagazi hao ndio waliotuachia jina Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam, yote mawili kutokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Walirudi vitani wakiwa wamejifunza namna ya kumfanya mtu asiye wa kabila lako kuwa ndugu yako, na mafunzo hayo walikuwa wameyapata kambini na kwenye ngoma.

Serikali nayo ilikuwa na mpango wake. Baada ya vita hivyo, mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa kufanya kazi alilazimika kubeba kipande, cheti chenye alama za vidole na jina la mwajiri wake, kikiwa ndani ya kopo la chuma alilovaa shingoni. Kwa mkoloni, Mwafrika alikuwa mjini kwa kibali cha kazi. Kazi ikiisha, arudi hifadhini kwake. Mji ulikuwa mahali pa mkono wake, si pa mke wake wala watoto wake. Ndiyo sababu nyumba nyingi za wafanyakazi zilijengwa kwa hesabu ya vitanda, wanaume kadhaa chumba kimoja. Vijiji vya kale navyo vilibomolewa kimoja baada ya kingine. Wakaazi wa Maskini na Kaburini walihamishiwa Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920. Pangani ilivumilia hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha ikafutwa, na wenye nyumba wakaelekezwa Shauri Moyo. Wazee husimulia kwamba jina hilo lilitokana na jibu la waliohamishwa: kubali au kataa, hilo ni shauri la moyo wako.

Pumwani, hata hivyo, watu waliruhusiwa kujijengea, ndipo jina Majengo likashika. Walijenga nyumba za mtindo wa Kiswahili: vyumba vinavyotazamana, ukumbi katikati, ua nyuma. Yeyote aliyewahi kupanga nyumba ya namna hiyo anajua kwamba huwezi kupika kitu cha maana uani bila majirani kujua. Harufu ya kitunguu na bizari humfikia kila mpangaji, na ukifunika sufuria yako siku ya Idi, maneno yatakufuata hadi Ramadhani ijayo. Ramani ya nyumba ilimlazimisha mtu kuwa mkarimu.

Wakristo walipoongezeka mjini, Krismasi iliingia katika nyumba hizo hizo na kufuata desturi iliyokuwapo. Mwislamu alimpelekea Mkristo pilau ya Idi. Desemba, sahani ilirudi na kitu juu yake. Katika maadili ya Kiswahili, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, gitaa na dansi vilichukua nafasi ya tarumbeta za beni. Katika kumbi kama ule wa Kaloleni watu walicheza dansi, na katika ukumbi huo huo walihudhuria mikutano ya siasa na ya vyama vya wakwetu, mathalan Luo Union. Wapo wanaoviona vyama hivyo kuwa mwanzo wa ukabila wa mjini. Sipingi kwamba mbegu hiyo ilikuwamo. Lakini kijana aliyeshuka kwenye gari la moshi akiwa na sanduku la mbao alihitaji mtu wa kumwonyesha njia ya Muthurwa kabla ya kuhitaji mhadhara kuhusu umoja wa taifa.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Aprili 24, 1954, wanajeshi na polisi waliuzingira mji katika kile kilichoitwa Operation Anvil. Zaidi ya watu 20,000, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walitiwa kizuizini. Wanawake na watoto wengi walirudishwa hifadhini. Krismasi ya mwaka huo ilivikuta vyumba vingi vya Eastlands vimepungukiwa na watu. Ukitaka kujua kama mtu alikuwa mwenyeji wa Nairobi au mgeni machoni pa serikali, tazama jinsi alivyoweza kung’olewa asubuhi moja, akapakiwa kwenye lori, bila kuulizwa nani atabaki na mali yake.

Uhuru ulipopatikana Desemba 12, 1963, siku 13 kabla ya Krismasi, msimu wetu wa sikukuu ulipata mwanzo mpya. Tangu hapo Mkenya hukaribia Krismasi akipitia Jamhuri. Vikwazo vya kuingia mjini viliondoka na jiji likajaa. Kilichobaki ni ile fikra ya mkoloni kwamba mji ni mahali pa kazi na nyumbani ni kwingine. Sisemi kwamba kupenda ushago tulifundishwa na Mzungu. La hasha! Makaburi ya babu zetu yako huko, mama zetu wako huko, na hakuna kosa kwenda kuwaona. Ninalosema ni kwamba sheria iliyomkataza mtu kuwa na familia mjini iligeuka kuwa mazoea, nasi tukayaita mila.

Mimi nilikula Krismasi yangu ya kwanza Nairobi nikiwa mpangaji wa chumba kimoja Eastlands. Tulikuwa wanne katika ploti ambao hatukusafiri: mmoja alikuwa bawabu wa zamu ya usiku, mwingine muuguzi, wa tatu fundi cherehani, na mimi. Kila mmoja alitoka pembe yake ya nchi. Tulichanga pesa, na kwa kuwa hatukuwa na kifimbo cha kusukumia chapati, tulitumia chupa ya soda. Bawabu alitufundisha kupaka mafuta kabla ya kukunja. Muuguzi alileta kachumbari. Fundi cherehani alipika ndengu ambazo sijaonja mfano wake tena. Mama mwenye ploti, Mwislamu wa makamo, alitutumia sinia la pilau kwa sababu, alisema, watoto wa watu hawawezi kula Krismasi kwa ndengu. Jirani wa chumba cha mwisho, Mkongomani, alibisha hodi Januari mosi akitusalimia, “Bonane!” na kutueleza kwamba kwao wengi husema Noeli, si Krismasi. Mwezi Machi fundi cherehani alipofiwa na babake, sisi ndio tuliopitisha daftari la mchango mlango kwa mlango. Ukoo wake ulikuwa mbali. Sisi tulikuwa karibu.

Hebu itazame sahani hiyo kwa jicho la mwanaisimu. Chapati ni neno lililotufikia kutoka India, na kachumbari vilevile. Pilau ina asili ya Uajemi na ilipitia India na pwani. Soda ni ya Kiingereza. Hakuna Mkenya leo anayejihisi mgeni mbele ya chapati. Wengi wataapa kwamba bila chapo hakuna Krismasi. Maneno haya yalikuja na vibarua, mabaharia na wafanyabiashara, yakaingia katika ngeli ya I-ZI kimyakimya, yakawa yetu. Lugha iliyapokea na kuyapa nafasi. Jiji limekuwa zito zaidi kuwapokea watu.

Nasema hivyo nikiwakumbuka Wanubi wa Kibera. Jamii hii imeishi Nairobi zaidi ya karne moja, imezaliwa hapa na kuzikwa hapa. Haina ushago wa kwenda Desemba, kwa kuwa Kibra ndiko kwao. Hata hivyo, kwa miaka mingi vijana wake walipokwenda kuomba kitambulisho, ambacho mtaani bado tunakiita kipande, walipitia msasa ambao wenzao wengi hawakupitia. Swali lilikuwa lile lile: kwenu hasa ni wapi? Mwaka 2011 kamati ya Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi kuhusu uraia. Mwaka 2017 ndipo jamii hiyo ilipokabidhiwa hatimiliki ya ekari 288, sehemu ndogo ya ardhi waliyokuwa nayo zamani. Kwa hiyo, swali tunalolichukulia kuwa maongezi ya Desemba linaweza, likivaa sare ya serikali, kumnyima mtu haki yake.

Jibu la swali hilo limo ndani ya Kiswahili. Tunaposema ‘kwetu’ au ‘kwenu’, hatutaji ardhi, wala kaburi, wala kaunti. Tunachukua kiambishi cha mahali, ‘ku-’, tukakiunganisha na kimilikishi: mahali pa sisi, mahali pa ninyi. Kwetu ni pale ambapo kuna ‘sisi’. Wanawake wa Pangani waliijua sarufi hii, na majenerali wa beni waliijua pia. Hawakungoja kupewa hati ili wawe wenyeji; walipika, wakakaribisha, wakazikana.

Nawashauri basi wanahabari wenzangu waache kuandika kila Desemba kwamba Nairobi imebaki mahame. Kuna wauguzi zamuni, mabawabu langoni, madereva, wafanyakazi wa nyumbani, wakimbizi, na familia nzima za watu ambao hapa ndipo kwao. Nasi tunaosalimiana nao tubadilishe swali. Badala ya kumwuliza mtu anaenda lini nyumbani, tumwulize, “Sikukuu mnakula wapi?” Akijibu kwamba hana pa kula, mwongozo upo katika lugha yetu tangu zamani: mwongezee sahani. Heri ya sikukuu, msomaji wangu, popote utakapoilia.